Mabenchi ya Panya wa Stoo

Juzi tulipokuwa tunajiandaa kumzika Baba, vijana wa kanisa walizunguka wakitafuta kuni za kupikia wageni. Nilitoka nje nikakuta mmoja wao ameinua shoka juu ya benchi kuukuu, moja la yale yaliyotupwa nyuma ya jiko la kanisa tangu viti vya plastiki vije. Nikapiga kelele ambayo mfiwa hatarajiwi kupiga.

"Wewe! Hilo hapana! Pasua mlango ukitaka, lakini hilo benchi wachana nalo!"

Kijana akashusha shoka pole pole. "Pole sana, mama," akaniambia, kwa ile sauti ya kumhurumia mtu ambaye huzuni imemzidi. Nilipiga magoti kwenye matope na nguo yangu nyeusi, nikapitisha mkono chini ya ubao wa kukalia, na kipande cha bati kilikuwa bado pale, kimepigiliwa misumari juu ya ufa mrefu. Nililia na kucheka kwa pamoja, na wala sikujali nani ananiona. Ufa huo ni wa kwetu. Wacha nikueleze.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia Eldoret, mvua yetu unaijua. Ikishaanza, kiwanja chochote kinageuka tope la kufyatulia matofali. Mpira ukipigwa hauendi, unakwama hapo hapo, na mchezaji anaacha kiatu chake nyuma. Lakini msimu huo huo wa mvua na baridi ndio msimu ambao nchi nzima inataka blanketi, na Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha blanketi. Malori yalipakia usiku na mchana mpaka stoo kubwa ya kiwanda ikabaki tupu, sakafu ya simiti, kuta za mabati, vumbi la nyuzi likielea hewani na harufu ya mafuta ya mitambo ikikushika koo. Harufu hiyo hata leo nikiipata kwa fundi wa cherehani, moyo wangu unaruka.

Mtu wa kwanza kuitazama ile stoo tupu na kuona kiwanja alikuwa Mzee Kariuki. Alikuwa msimamizi wa mitambo ya kufuma, mtu mfupi wa kutoka Nyeri, kofia haitoki kichwani, na mpira aliupenda kuliko chakula. Aliomba ufunguo, akachora magoli kwa chaki, akaweka watu watano huku na watano kule. Kwa kuwa kuta zilikuwa karibu, mpira haukuwa unatoka. Ukigonga bati unarudi ndani, mchezo unaendelea. Basi Mzee Kariuki akawafundisha kuutumia ule ukuta. Unampiga chenga mtu kwa kupasia bati, unazunguka nyuma yake, unaupokea mwenyewe. "Ukuta hauna maringo," alikuwa anawaambia. "Ukiupatia vizuri, utakurudishia vizuri. Mnataka nini tena?"

Viwanda vingine vikasikia. Nakuru wakaanzisha timu yao ya ndani, Kitale yao, Webuye yao, mpaka ikawa ligi, na ligi ikawa na daraja la juu na la chini. Sisi tulikuwa la chini. Wenzetu walitucheka, wakatuita Panya wa Stoo. Walidhani tutaona aibu. Haiya! Mzee Kariuki aliagiza jezi na panya mkubwa kifuani, mkia umejikunja mpaka mgongoni. Na sisi watazamaji, tuliokaa juu ya marobota kwenye kona, hatukupiga makofi kama watu wengine. Tulipiga bati kwa viganja. Goli likiingia, stoo nzima ilinguruma hata walinzi wa getini wanaruka.

Wachezaji walilipwa. Hilo naomba ulielewe, maana siku hizi nikisimulia watu wanafikiri ilikuwa mchezo wa jioni tu. Waliajiriwa kwa sababu ya miguu yao, kwa kazi ya kudumu, na nyumba kwenye kota za kiwanda. Kiprono, kijana mrefu kutoka Sugoi, aliajiriwa baada ya Mzee Kariuki kumwona akifukuza ndama barabarani. Baba yangu, Wafula, aliyetoka Bungoma akaja kuwa kibarua wa kupakia malori, aliajiriwa kwa mikono. Alikuwa golikipa. Watu walimwita Kufuli.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu ya utotoni. Mimi nilijua kwa hakika kwamba Baba alikuwa ameadhibiwa.

Usicheke. Fikiria wewe ni mtoto wa darasa la chini. Shuleni kwetu, mwalimu akikasirika, unatolewa katikati ya wenzako, unapelekwa kusimama mwisho wa darasa, peke yako, wote wamekugeuzia mgongo. Basi nikienda stoo naona nini? Wanaume wanne wamevaa jezi za panya, wanakimbia pamoja, wanaitana, wanakumbatiana. Na Baba yangu amevalishwa sweta ya manjano tofauti na wengine, amesimamishwa mwisho kabisa karibu na ukuta, haruhusiwi kuja mbele. Wenzake wakifunga goli, wao wanarukiana huko mbali, yeye anaruka peke yake. Mpira ukimpita, kila mtu anageuka kumwangalia. Nilijiuliza alikosa nini. Usiku, kabla ya kulala, nilikuwa naomba Mungu amsamehe Baba ili naye aruhusiwe kucheza na wengine.

Kwa Mama sikuthubutu kusema. Mama ndiye alifuma ile sweta ya manjano, kwa nyuzi za mabaki ya kiwanda, na aliifuma kwa furaha ambayo sikuielewa hata kidogo. Nilidhani anajikaza tu.

Mwaka ninaousimulia, kiwanda kililetewa meneja mpya. Hakuwa mtu mbaya, ila hakupenda mpira, na aliitaka stoo yake. Aliwaita wachezaji wote akawaambia wazi: imebaki mechi moja na Nakuru, atakayeshinda anapanda daraja. Wakipanda, timu itabaki na kazi zao zitabaki. Wakishindwa, timu imevunjwa, kila mtu atarudi kibarua, na kota wapewe wengine. Baba alirudi nyumbani akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Tukipoteza nyumba tunaenda wapi?" Mama aliuliza.

"Bungoma," Baba akasema. "Kibarua halipi kodi ya mjini."

Nilikuwa chini ya meza na kikombe changu cha uji. Bungoma nilikuwa naipenda kwa sikukuu, kwa kuku na binamu, lakini si kwa kuishi. Shule yangu ilikuwa Eldoret. Rafiki zangu walikuwa Eldoret. Kwa akili yangu ya kitoto, nikaona sasa adhabu ya Baba imekuwa ya familia nzima.

Na haikutosha. Wiki ya mechi yenyewe, kabla hata mpira haujachezwa, meneja akajaza stoo marobota ya nyuzi hadi juu. Mechi ikahamishiwa ukumbi wa jamii kule mjini, ule wa kufanyia harambee na mikutano ya chama. Ulikuwa ukumbi mzuri, una sakafu ya mbao, na picha ya Rais imening'inia juu kabisa ukutani upande mmoja. Lakini pande zake mbili ndefu zilikuwa wazi, nguzo na veranda tu. Ukuta wa pembeni hakuna.

Tulienda kuwaona wakifanya mazoezi. Mama wee, nisiione tena siku kama ile! Kiprono akapokea mpira, akaona mtu mbele yake, akafanya alichofanya maisha yake yote: akapasia ukuta na kuzunguka. Ukuta haukuwepo. Mpira ukapita katikati ya nguzo, ukashuka ngazi, ukaenda kuvuruga jiko la mama aliyekuwa anachoma mahindi nje. Mama yule akatukana kwa lugha ya kwao na ya kwetu. Ukarudishwa. Dakika haijaisha, mwingine naye akapasia ukuta. Mahindi tena. Hawakufanya makusudi, miguu ilikuwa imeshazoea. Mzee Kariuki alivua kofia, na hapo ndipo niliona kwa mara ya kwanza kwamba hakuwa na nywele.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Nimewafundisha kucheza na kitu ambacho hakiko."

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa amesimama kule mwisho, chini ya ile picha, mikono imelegea. Mama yangu aliangalia zile veranda, akaangalia wachezaji, akafunga leso yake kiunoni vizuri.

"Kwani ukuta ni nini?" akauliza kwa sauti. "Si ni kitu cha kusimama tu? Sisi akina mama tuna mabenchi."

Kesho yake asubuhi, siku ya mechi, watu wa mtaa wetu wa West Indies walifungua madirisha wakaona kitu ambacho hawakuwa wameona. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wanashuka barabarani kwa mstari, mabenchi vichwani, wanaimba. Waluhya, Wakikuyu, Wajaluo, mmoja na mtoto mgongoni juu ya yote hayo. Mimi nilibeba upande mmoja wa benchi fupi na Mama upande wa pili, na ninakumbuka shingo yake ilivyokuwa imenyooka. Tulipofika ukumbini tuliyalaza ubavu, moja baada ya jingine, ubao wa kukalia ukiangalia ndani, kutoka goli hadi goli, pande zote mbili. Kisha kila mama akakaa chini nyuma ya benchi lake, akaliegemea kwa mgongo lisisogee. Ukuta ukawa tayari.

Watu wa Nakuru wakaanza kulalamika. Refa naye hakujua aseme nini, sheria zake hazikuwa na neno benchi. Bahati nzuri mgeni rasmi, Bwana DO, mkuu wa tarafa, alikuwa ndio anaingia na askari wake. Aliangalia ule mstari wa akina mama, akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Hii ni harambee," akasema. "Endeleeni."

Na enzi zile, nani angebisha harambee mbele ya DO? Nakuru walinyamaza kabisa.

Mzee Kariuki alishinda shilingi ya kuchagua upande. Akafanya jambo lililowashangaza wote: alisema kipindi cha pili Kufuli akae chini ya picha, ingawa upande ule jua lilikuwa linaingia machoni. Nilimsikia mama mmoja akinong'ona kwamba mzee amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Niliona adhabu ya Baba imezidi, sasa anapelekwa asimame mbele ya Rais mwenyewe.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha jasho. Nakuru walikuwa wakubwa, wamekula wakashiba, na walifunga mapema. Halafu Kiprono akapata mpira pembeni, akazibwa na mtu kama kabati. Nikaona miguu yake ikifikiria. Akapiga mpira kwa nguvu zake zote kwenye benchi la Mama. Paa! Mbao ikalia, Mama akasukumwa mbele lakini hakuachia, mpira ukarudi hadi mbele ya Kiprono ambaye alishazunguka, na goli. Mabati hatukuwa nayo. Akina mama wakageuka wakapiga mabenchi kwa viganja, ukumbi ukanguruma, Bwana DO akashika kofia. Baadaye tuliliona lile benchi limepasuka kutoka mwisho hadi mwisho.

Wakati wa mapumziko nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata Mzee Kariuki alipokuwa anagawa vipande vya chungwa, nikamvuta koti.

"Mzee, Baba yangu alikosa nini?"

"Alikosa wapi?"

"Mbona kila siku mnamsimamisha kule nyuma peke yake?"

Aliniangalia. Nilidhani atacheka, maana wachezaji wawili walikuwa wameshaanza. Hakucheka. Alichuchumaa mpaka kofia yake ikawa sawa na uso wangu.

"Sikia, Nekesa. Baba yako hajakosa kitu. Sisi wengine wote ndio tunakosa. Kiprono akikosa, mimi nikikosa, wote tukikosa, yeye ndiye anabaki. Mtu wa kubaki pale huwezi kuweka yeyote tu. Umeelewa?"

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa yote, lakini nilirudi kukaa nyuma ya benchi na Mama nikiwa nimenyoosha shingo kama yake.

Kipindi cha pili tulifunga jingine, pia kwa benchi, na baada ya hapo Nakuru walitushambulia kama nyuki. Ndipo nilipoanza kuona jambo la ajabu. Kipindi cha kwanza walikuwa wanapiga mikwaju ya juu, ile ya kupasua nyavu. Sasa walikuwa wanapiga chini tu, mpira unatambaa sakafuni, na Baba anaulalia. Mpira wa juu hakuna. Hata yule mkubwa wao, mwenye mguu wa kuvunja tofali, anakaribia, anainua macho, anaona kioo cha picha kinang'aa juu ya goli, anaona askari wa DO, anapunguza nguvu.

Mwisho kabisa, refa akiangalia saa yake, mpira ukamgusa Kiprono mkononi. Penalti. Kiprono alikaa sakafuni akajifunika uso na jezi yake ya panya. Mama alinishika mkono mpaka ukauma. Yule mkubwa wa Nakuru akauweka mpira, akarudi nyuma. Wenzake Baba wote walikuwa mbali, na kwa mara ya kwanza sikuona mtu aliyeadhibiwa. Niliona wanaume wanne, na mzee asiye na nywele, na akina mama wote waliobeba mabenchi, na mimi na shule yangu, sote tumekosa la kufanya, na amebaki mtu mmoja wa sweta ya manjano.

Yule mkubwa akaangalia juu, kwenye picha. Ni kidogo tu. Baba alimwona. Mpira ulipopigwa, Baba alikuwa tayari yuko chini, amejinyoosha mwili wote sakafuni, na mpira ukamgonga vidole ukatoka ukagonga benchi.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Ninachokumbuka ni viganja vya akina mama juu ya mbao, na wale wanaume wanne wakikimbia. Hawakukimbilia mbele. Walikimbia wote kwenda kule nyuma, kwa Baba, wakamwangukia, na mimi nikaruka benchi nikawafuata. Nilimkuta chini ya rundo la panya, sweta imechanika begani. Nilijivuna siku ile mpaka nikaumwa na tumbo, na bado najivuna.

Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, Mzee Kariuki alikuja kunywa chai, na Kiprono akauliza Kufuli alijuaje kwamba penalti itapigwa chini. Baba akashusha sauti.

"Nani angepiga juu, DO amekaa pale? Avunje kioo cha picha, alale wapi leo?"

Walicheka wakiwa wameziba midomo. Mzee Kariuki alicheka hadi akavua kofia kwa mara ya pili. Jumapili alikuja kanisani na nyundo na kipande cha bati alichokata kwenye stoo, akaliunga benchi la Mama. Timu ilibaki. Ilicheza daraja la juu miaka mingi, haikuwahi kuchukua kombe, na kila ilikokwenda ukumbi wa wazi, mabenchi yalitangulia kwenye lori. Mimi nilimaliza shule Eldoret.

Basi juzi nililitoa lile benchi nyuma ya jiko, nikalipangusa matope kwa leso yangu, nikalipeleka ndani na kuliweka mstari wa mbele. Mzee Kariuki, ambaye sasa anashikwa mkono akitembea, alikaa upande mmoja. Kiprono, mvi kichwani kote, akakaa upande wa pili. Mimi nikakaa katikati na mwanangu, mjukuu wa Baba, magotini. Jeneza lilikuwa mbele kabisa, mbali na sisi, limefunikwa sweta ya manjano. Mtoto aliliangalia kwa muda mrefu, halafu akauliza, na watoto hawajui kunong'ona:

"Mama, babu alikosa nini? Mbona wamemweka kule peke yake?"

Nilimvuta karibu na kifua changu.

"Hajakosa kitu," nikamwambia. "Sisi wengine wote ndio tulikuwa tunakosa. Babu ndiye alikuwa anabaki."

Mzee Kariuki akainua kiganja chake kilichokauka, akapiga ubao wa benchi. Kiprono naye akapiga. Nyuma yetu nikasikia wazee wa kiwanda, na akina mama wachache waliobaki, wakitafuta mbao za kupiga na kukuta plastiki, wakaipiga hiyo hiyo, mpaka kanisa lote likanguruma.